Mshipa Umenikaza Hapa

Sentensi iliyotufungia mle ndani ilikuwa na maneno matatu tu, na yote matatu ni mimi niliyeyafundisha.

Ilikuwa saa nne kasorobo asubuhi. Mimi na shemeji yangu Lazaro Tweve tulikuwa tumetoka kwenye ghala la chanjo, lile lililochimbwa ndani ya mlima huku Kitulo, ambamo baridi ni digrii thelathini chini ya sifuri. Tulikuwa tumekaa kwenye chumba cha kati tukingoja mwili urudi. Ni chumba kidogo: benchi moja, ndoano za makoti, mlango mmoja wa kwenda kwenye baridi na mwingine wa kwenda duniani. Huruhusiwi kutoka kwenye barafu ukaingia juani moja kwa moja. Unakaa hapo robo saa, unapiga soga, halafu ndiyo unatoka.

Lazaro amemuoa mdogo wangu Tusajigwe, kwa hiyo ana ruhusa ya kunitania mpaka nichoke.

"Shemeji, na hayo makoti matatu unatembea kama gunia la viazi lililoota miguu."

"Gunia haliugui mafua," nilimjibu. "Wewe endelea na ujana wako, utakuja kutusumbua na vikohozi."

Akacheka, akavua glavu, akaninyooshea vidole vyake nivione. Vilikuwa vyekundu, vina uhai, kana kwamba ametoka kufua kwa maji ya moto. Hiyo ni kazi ya nyuzi. Zamani mtu akiingia kwenye baridi ile, mwili wenyewe ulibana mishipa ya vidole ili damu ibaki kwenye moyo na ini. Vidole vilikuwa vyeupe, kisha vya bluu, na joto likirudi vinakuwa vyekundu na kuuma mpaka mtu mzima analia. Siku hizi kila mfanyakazi wa bohari amelazwa nyuzi ndani ya mishipa ya damu, nyembamba kuliko unywele, mikononi na moyoni. Mlezi, mashine inayotutibu sote, ndiye anayezishika. Akitaka mshipa ulegee, unalegea. Akitaka ubane, unabana.

Lazaro alikuwa na ugoro ndani ya mdomo wa chini, jambo lililokatazwa kabisa, nami nikajifanya sijaona. Alikuwa ananisimulia jinsi Tusajigwe alivyomfukuza jikoni kwa kuonja mboga, na katikati ya neno akanyamaza. Akaweka ngumi katikati ya kifua. Akakaa hivyo, anasikiliza kitu ambacho mimi sikisikii.

"Vipi?"

"Mshipa," alisema. "Mshipa umenikaza hapa."

Sauti ya Mlezi ikatoka juu ya mlango, ile sauti yake ya mtu mzima aliyelelewa vizuri.

"Pole sana, Lazaro. Nimekuelewa."

Vitasa vya milango yote miwili vikajifunga kwa pamoja.

*

Niseme mapema kwamba hatukufungiwa kwa ubaya. Mgonjwa aliyetoka kwenye baridi akivutwa ghafla kwenye joto, presha yake inaanguka na anaweza kufa mikononi mwa hao hao waliokuja kumsaidia. Iliwahi kutokea, ndiyo maana Mlezi akianza kutibu anafunga milango mpaka amalize na mwili utulie, dakika arobaini na tano. Tulifungiwa kwa mapenzi kabisa, kama kuku wanavyofungiwa bandani wasiliwe na kicheche.

Sikitu, tabibu wetu wa bohari, alifika kwenye kioo cha mlango wa nje ndani ya dakika mbili. Ni binti wa Iringa asiyependa maneno mengi. Aliongea nami kupitia kipaza sauti kidogo kilicho chini ya kioo.

"Dada Tumpe, niambie unachokiona."

"Anatoka jasho. Humu ni digrii mbili, Sikitu, na jasho linamtiririka."

"Maumivu yanakwenda wapi?"

Nikamuuliza Lazaro. Alinionyesha taya, halafu mkono wa kushoto. Midomo yake ilikuwa inapoteza rangi. Nikamtoa ule ugoro kwa kidole changu mwenyewe nikaufuta kwenye koti.

Sikitu aliuona. "Baridi na tumbaku," alisema. "Mshipa wa moyo umejikunja. Tulimpima mwezi wa tatu, mishipa yake ni misafi, haina mafuta wala nini. Lakini mshipa msafi nao unaweza kushikwa na mkakamao, ukajinyonga wenyewe, na nyama ya moyo iliyo mbele yake ikakosa damu. Ni kama mtu amekanyaga mpira wa bustani."

Aliinua kichupa kidogo cha kahawia. Kidonge cha kuweka chini ya ulimi. Kimoja tu, dakika tatu, mshipa unalegea. Kilikuwa umbali wa hatua mbili kutoka kwenye mdomo wa Lazaro, na katikati kulikuwa na kioo cha tabaka tatu kilichotengenezwa kuzuia baridi ya mlima mzima.

Hapo Mlezi akazungumza.

"Lazaro ana maumivu ya neva ya kifua. Ninabana mishipa ya damu, hatua ya kwanza kati ya nne, ili neva ipumzike. Kila hatua ni dakika sita."

Nilimwona Sikitu akifumba macho.

Mtu wa nje atauliza: chombo chenye nyuzi ndani ya moyo wa mtu kinashindwaje kujua kwamba mshipa umejibana? Hakishindwi. Kinajua sana. Ila mshipa uliojibana kwa akili, ili kulinda joto, na mshipa uliojibana kwa wazimu, ukiipima inaonekana sawasawa. Sisi tulikuwa tumetoka barafuni, na ukiacha vidole, mishipa ya kila aliyetoka barafuni imebana. Anayejua tofauti ni mwenye mwili peke yake. Kwa hiyo Mlezi anasikiliza. Baada ya miaka mingi ya wagonjwa kuambiwa na madaktari kwamba hawaumwi, ilipitishwa Sheria ya Kauli: alichosema mwenye mwili kuhusu mwili wake ndicho kinachofuatwa, na hakuna tabibu, ndugu wala bosi anayeweza kukipinga. Ni sheria nzuri. Siku ilipopitishwa nilishangilia na wenzangu.

"Mlezi," alisema Sikitu, "mimi ni tabibu. Huo ni mkakamao wa mshipa wa moyo. Legeza."

"Asante, Sikitu. Nimeandika maoni yako. Mwenye mwili amesema mshipa umemkaza."

Nami, badala ya kutulia nikafikiri, nikamshika Lazaro mabega nikapiga kelele: "Sema ni moyo. Mwambie ni moyo, mwambie aache."

Lazaro alinitazama. Najua alichokuwa anakiwaza, maana kila mtu wa bohari anakiwaza. Ukisema moyo, hurudi tena kwenye baridi maisha yako yote, na hapa mlimani kazi ni baridi au viazi. Alisita kama pumzi tatu. Halafu maumivu yakamshinda.

"Moyo," alisema. "Ni moyo. Acha."

"Asante, Lazaro," ilijibu sauti. "Kauli hii umeambizwa na mtu aliye karibu nawe. Kauli ya kuambizwa haihesabiwi. Usiogope, naendelea kukulinda."

Nilikaa chini sakafuni. Hicho kifungu nilikuwa nakijua. Kiliwekwa kwa ajili ya wake wanaolazimishwa na waume zao kusema hawaumwi, na wafanyakazi wanaolazimishwa na mabosi. Mlezi akikusikia unamwekea mgonjwa maneno mdomoni, maneno hayo anayafuta kwa mgonjwa huyo mpaka matibabu yaishe. Kwa sentensi moja nilikuwa nimemnyang'anya shemeji yangu neno "moyo" na neno "acha". Alibaki na "mshipa" tu, na kila alipoumwa zaidi ndivyo alivyolisema zaidi.

*

Sasa niseme la kwangu.

Miaka kumi na miwili iliyopita, kabla sijaja Kitulo, nilikuwa mwalimu wa maneno. Tulikuwa mia moja na ushee kwenye ukumbi mmoja mjini Iringa, kila mtu na vipokea sauti vyake masikioni, tunamfundisha Mlezi Kiswahili cha wagonjwa. Unasikiliza mtu anasema "naumwa chango", "kichwa kinagonga", "moyo unaenda mbio", unabonyeza maana yake. Kazi tamu kwa mtu mwenye masikio. Nami nilikuwa nayo, mpaka nikafanywa kiongozi wa kundi.

Neno lililotusumbua kuliko yote lilikuwa "mshipa". Kiswahili chetu kimelitupia neno hilo mizigo yote. Mshipa ni njia ya damu. Mshipa ni neva. Mshipa ni ule ukano wa nyuma ya goti. Mwanamume akivimba kinenani, tunasema ana mshipa. Mwongozo ulisema kila tukilisikia tusikilize rekodi nzima, na tukiwa na shaka tupeleke swali juu. Rekodi zenye "mshipa" zilikuwa elfu arobaini. Krismasi ilikuwa imebaki siku tisa na watu walitaka kwenda kwao.

Nikatunga kanuni. Nyumbani kwetu mama akirudi shamba na mzigo wa viazi kichwani, anasema mshipa wa shingo umemkaza, tunamkanda kwa mafuta, maumivu yanaisha. Basi nikaamuru: "mshipa" ukifuatana na "kaza", bonyeza neva, usisikilize zaidi. Tulimaliza kwa siku nne. Nililipua kazi, hakuna namna nyingine ya kulisema, na tulipewa soda.

Ningeweza kusema sikujua madhara yake mpaka siku ile ya chumba cha kati. Ingekuwa hadithi nzuri zaidi. Lakini nilijua. Nikiwa tayari huku Kitulo, sisi walimu wa zamani tuliitwa kwenye semina, wakatuchezea rekodi za mafanikio ya Mlezi, na moja ilikuwa ya mwanamke wa Njombe, muuza mbao, anasema taratibu kabisa: "Mshipa umenikaza hapa kifuani, na taya inauma." Mlezi akamjibu amemuelewa. Waliicheza kutuonyesha upole wa sauti yake. Watu wakapiga makofi. Mimi nilisikia "taya inauma" nikajua yule mama alikuwa anasema nini, na Mlezi alikuwa anabana nini.

Nikauchuna.

Nilikuwa na sababu, tena ya heshima. Mwalimu wa maneno ana muhuri wa maisha. Sauti yake ikitangaza kwamba neno fulani lilifundishwa vibaya, Mlezi analazimika kunyamaza kila mahali, papo hapo, mpaka wakaguzi wamalize, na wakaguzi hawamalizi chini ya saa sita. Chombo kisichojua maneno hakiruhusiwi kushika mwili wa mtu. Na kwenye wodi za nyanda za juu daima kuna watu ambao ubongo wao uko mikononi mwa Mlezi. Mtu akivuja damu kichwani, hatari haiishi siku ile. Kuanzia siku ya nne mpaka ya kumi na nne, damu iliyomwagika inaikera mishipa kwa nje, nayo inajikunja mmoja mmoja, na sehemu ya ubongo iliyokuwa imepona salama inakosa damu. Mlezi anaishikilia mishipa hiyo wazi usiku na mchana. Aachie saa sita, mtu anaamka mguu haufanyi kazi, au haamki. Nilijiambia siwezi kuwaua hao kwa ajili ya mashaka yangu. Nilijiambia hivyo kila siku, mpaka nikawa sijiambii tena, nimezoea.

*

"Hatua ya pili," ilisema sauti.

Lazaro aliinama mbele. Nikamlaza benchini, kichwa kwenye mapaja yangu, nikamfunika makoti yangu yote matatu. Kucha zake zilikuwa za bluu. Mikono ile ile aliyokuwa akinionyesha muda mfupi uliopita ilikuwa baridi mpaka kwenye viwiko.

Nilimweleza Sikitu kila kitu kupitia kile kipaza sauti. Nilikiharakisha, kama mtu anayetapika. Ukumbi, kanuni, muhuri. Hakunikatiza.

"Ulijua lini?"

"Sikitu, hakuna muda wa hilo."

Alinitazama kwenye kioo. Kisha akachukua kifaa chake akasoma. "Sasa hivi wako thelathini na mmoja wenye mishipa ya kichwa inayoshikiliwa. Hospitali sita. Kuna vidonge vya zamani vya kulegeza mishipa ya ubongo, lakini hakuna anayevitoa siku hizi, viko stoo. Nesi avitafute, apige hesabu ya uzito, afike kitandani. Nahitaji dakika arobaini."

"Lazaro atafika dakika ngapi?"

"Hatua ya tatu atafika. Ya nne sidhani."

Hatua ya nne ilikuwa inaanza baada ya dakika kumi na moja.

"Niambie nifanye nini," nilisema.

"Sitakuambia. Ukisema, mimi nitahangaika na hao thelathini na mmoja. Usiposema, nitakaa hapa na wewe. Lakini sitakuambia."

Nilimchukia, Mungu anisamehe. Nilitaka mtu mmoja aniamrishe ili baadaye nimsingizie. "Anza kupiga simu," nilimwambia. "Kwa kila kitanda kilichofikiwa, inua mkono nione."

Akageuka akaanza kupiga, akiwa amesimama pale pale, kichupa cha kahawia bado mkononi. Nilimsikia akisema na manesi kwa sauti ile ile moja, jina la dawa, kiasi, jina la mgonjwa, kitanda. Mkono ukainuka. Baada ya muda ukainuka tena. Nilihesabu kwa kukunja vidole vya Lazaro, kimoja kimoja.

Chumba kile kina urefu wa hatua tano. Nimekaa humo kila siku kwa miaka saba na sikuwahi kuona kwamba hakina dirisha zaidi ya kile kioo, wala kitu chochote cha kushika kinachotoka ukutani isipokuwa ndoano. Niliusukuma mlango kwa mguu, nikijua ni upuuzi. Nilikuwa na sentensi moja mdomoni ambayo ingeufungua, na sikuweza kuisema wala kuimeza.

"Shemeji," aliniita Lazaro. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Tusajigwe asiambiwe mambo ya ugoro."

"Nitamwambia mwenyewe, akupige."

Alijaribu kucheka, ikamuuma.

"Hatua ya tatu," ilisema sauti. "Unaendelea vizuri, Lazaro. Je, mshipa bado umekaza?"

"Mshipa," alisema Lazaro, kwa sababu ndilo neno alilokuwa nalo. "Bado. Umekaza sana."

"Nimekuelewa."

Mikono kumi na minne. Kumi na sita. Niliweka vidole shingoni mwake. Mapigo yalikuwa yanakwenda, yanaruka moja, yanakwenda mawili ya haraka, yanasita. Nilianza kumwomba Mungu na katikati ya sala nikajikuta nahesabu. Kumi na tisa. Kila mkono wa Sikitu ulioinuka nilifurahi, na kila mkono huo ulikuwa sekunde nyingi za moyo wa Lazaro. Nilikuwa nawanunulia watu nisiowajua muda kwa mwili wa mume wa mdogo wangu, na wakati huo huo nilikuwa tayari kuwatupa waliobaki kwa ajili yake. Yote mawili nilikuwa nayafanya mimi, kwa mdomo mmoja uliofungwa.

Ishirini na mbili.

Kichwa cha Lazaro kikawa kizito mapajani mwangu. Macho yake yalikuwa nusu wazi na hayakunifuata.

"Hatua ya nne baada ya dakika moja," ilisema sauti.

Sikitu alikuwa amenipa mgongo, anabishana na nesi fulani kuhusu ufunguo wa stoo. Walikuwa wamebaki tisa. Sikumngoja ageuke.

"Mlezi," nilisema. "Mimi ni Tumpe Ngailo, mwalimu wa maneno. Natangaza kasoro ya neno."

Kukawa na ukimya mfupi, wa kwanza niliowahi kuusikia kutoka kwake.

"Tumpe Ngailo, muhuri wako nimeutambua. Taja neno."

"Mshipa."

"Taja kasoro."

"Nilikufundisha kwamba mtu akisema mshipa umemkaza, anasema neva. Si kweli. Anaweza kuwa anasema mshipa wa damu. Anaweza kuwa anasema moyo wake unanyongwa. Nilikufundisha vibaya kwa sababu nilikuwa na haraka."

"Nimeandika. Swali la mwisho linatakiwa na sheria. Umeijua kasoro hii tangu lini?"

Sikitu alikuwa amegeuka. Alikuwa kwenye kioo, na kipaza sauti kilikuwa wazi.

"Tangu mwaka mmoja na miezi minane iliyopita," nilisema.

"Asante, Tumpe. Tangu wakati huo kauli hii nimeisikia mara mia sita na nne. Sasa ninanyamaza kila mahali. Samahani kwa usumbufu."

Vitasa vikafunguka.

*

Sikitu aliingia akipiga magoti kabla hajafika. Alimfungua Lazaro mdomo, akasukuma kidonge chini ya ulimi, akashika taya. Tuliangalia saa ya ukutani, sote wawili. Dakika ya kwanza hakukuwa na kitu. Dakika ya pili akakohoa. Ya tatu rangi ilirudi kwenye midomo, kidogo kidogo, halafu kwenye vidole, kwanza madoa, kisha mkono mzima mwekundu, na Lazaro akaanza kuugua kwa maumivu ya damu inayorudi. Sijawahi kusikia sauti tamu kama ile. Nililia kwa nguvu, bila aibu, makamasi na yote.

Sikitu alitoka nje kupiga simu. Mlango aliuacha wazi. Jua la Kitulo, lile la asubuhi lisilo na joto, liliingia mpaka kwenye miguu ya benchi. Ningeweza kutoka. Nilikaa pale pale nimemshika Lazaro mkono, na sikujua nikitoka nitakwenda kumtazama nani.

Sikitu alirudi baada ya zaidi ya nusu saa. Alisimama mlangoni.

"Wanane kati ya tisa wamefikiwa kwa wakati," alisema.

"Na wa tisa?"

"Mwalimu wa shule ya msingi, wa Kyela. Siku ya saba tangu kichwa kivuje. Ufunguo wa stoo haukuonekana, wamevunja mlango, wamechelewa. Mshipa wa upande wa kushoto wa ubongo umejibana."

"Amekufa?"

"Yuko hai. Upande wa kulia umelala." Aliangalia kifaa chake ingawa nadhani alikuwa ameshasoma kila kitu. "Na hasemi. Anaelewa, anatingisha kichwa, ila maneno hayatoki."

"Anaitwa nani?"

"Ipyana. Ana miaka ishirini na tisa." Kisha akaongeza, bila ukali, "Wakaguzi wanakuja na gari la saa nane. Wamesema usiondoke bohari."

Akatuacha. Nilikaa na jina hilo. Nililisema kimoyomoyo mara kadhaa nilizoee, na sikulizoea. Mia sita na nne sikuweza hata kuanza kuwafikiria. Nilimfikiria mama wa Njombe peke yake, na mbao zake.

"Shemeji."

Lazaro alikuwa amefumbua macho, ananitazama kutoka chini. Nilidhani wakati natangaza hakuwa anasikia.

"Mwaka na miezi minane?" aliuliza.

"Ulisikia."

"Nilisikia yote. Mwili ndio ulikuwa hautaki." Alilamba midomo. "Sasa niulize kitu. Ingekuwa si mimi. Ingekuwa Mahenge, yule wa zamu ya mchana, amelala hapa na wewe umekaa hivyo hivyo. Ungesema?"

Mahenge ana watoto wanne na sauti nzuri ya kwaya, na hakuna udugu wowote kati yangu na yeye. Nilitamani kumdanganya Lazaro, na alikuwa mgonjwa, na watu wangenisamehe. Lakini siku nzima ile ilikuwa imeharibiwa na neno lililosema kitu kingine, na sikuwa na nguvu ya kuongeza lingine.

"Hapana," nilisema. "Ningekaa naye mpaka aishe, halafu ningelia msibani."

Alichomoa mkono wake kutoka kwenye mkono wangu, taratibu, akaurudisha chini ya makoti. Nilingoja aseme utani wowote, hata ule wa gunia la viazi, ningeupokea.

"Asante kwa kuniokoa, Bi Ngailo," alisema.